Je, Wajua? Simu ya Matapeli Kutoka Ng'ambo Hufuatiliwaje

Mmarekani anapigiwa simu. Sauti iliyorekodiwa inamwambia dhamana ya gari lake inakaribia kwisha, na kwenye kioo anaona namba ya mji wake mwenyewe. Wengi huamini hiyo ndiyo namba ya mpigaji, na wakishaifungia wamemalizana naye.

Sivyo. Namba ile huiandika mpigaji, apendavyo, kwenye programu ya kupiga simu kwa intaneti. Mara nyingi ni ya mtu asiyehusika hata chembe, ambaye baadaye huanza kupigiwa na watu wenye hasira wakimtaka aache kuwasumbua. Ukiifungia umemfungia yeye. Tapeli atakuja na nyingine.

Kwa hiyo wafuatiliaji huiweka namba kando. Chukua mzigo uliotumwa kwa basi na kubadilishiwa magari njiani. Jina lililoandikwa juu ya boksi laweza kuwa la uongo, lakini kila kondakta anamjua aliyemkabidhi, maana ndiye aliyemlipa. Simu nayo hupita mikononi mwa kampuni kadhaa, na kila moja hutunza kumbukumbu za kampuni iliyoikabidhi simu, ili zilipane. Kikundi kinachosimamiwa na USTelecom, chama cha kampuni za simu za Marekani, huanzia kwa kampuni ya mpokeaji: simu hii, ya saa hii, mliipata kwa nani? Hurudi nyuma hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kwenye lango, yaani kampuni ya kwanza ya Marekani kuipokea kutoka nje.

Hapo langoni ndipo sheria inapouma. Tapeli yuko mbali. Kampuni ya lango iko nyumbani, na sheria inaifikia.

Tangu Juni 30, 2021 kampuni kubwa zinatakiwa pia kuzitia simu saini ya kidijitali, ya kuthibitisha kwamba mpigaji ana haki ya kutumia namba ile. Inasaidia, ila simu ikipita kwenye mitambo ya zamani isiyotumia intaneti, saini hupotea. Na kwa simu ya ng'ambo, lango mara nyingi huthibitisha tu kwamba imepitia kwake.

Zile simu za dhamana ya gari zilitoka kwa mtandao wa kampuni uliohusisha Sumco Panama: zaidi ya simu bilioni 5 ndani ya miezi 3 ya mwaka 2021. Julai 2022, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliziamuru kampuni za simu ziache kuzibeba. Zikapungua kwa asilimia 99. Mtandao huo ukapigwa faini ya karibu dola milioni 300 Agosti 2023.