Tiba mseto "laini" ya leukemia kwa wazee: laini kuliko nini?

Neno "mseto" wengi tulilizoea kwenye malaria: dawa mbili katika tiba moja, kila moja ikiwa na njia yake ya kushambulia. Kwenye leukemia, yaani saratani ya damu, wazo ni lilelile. Kinachowachanganya watu ni "laini".

Tiba ya miaka mingi ya leukemia kali ya mailoidi, aina ya leukemia inayokwenda kasi, ni dawa ya sitarabini kwa siku 7, pamoja na dawa ya jamii ya antrasaiklini kwa siku 3. Hufyeka uloto, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, seli mbovu na nzima kwa pamoja, kisha mgonjwa hulazwa wiki kadhaa akisubiri damu mpya. Kijana huweza kuhimili. Mzee wa miaka 76 mwenye moyo dhaifu anaweza kuuawa na tiba kabla ya ugonjwa, na ugonjwa huu huwapata zaidi wazee. Laini, basi, ni kuliko hiyo.

Kwa muda mrefu wazee wengi walipewa azasitidini peke yake, siku 7 katika kila siku 28. Baadaye kikaja kidonge cha venetoklaksi, kikaongezwa juu ya azasitidini: huo ndio mseto laini. Seli za leukemia hukwepa kufa kwa msaada wa protini iitwayo BCL-2. Venetoklaksi huizuia protini hiyo, na seli hukosa kinga yake.

Je, mseto huo unashinda azasitidini pekee? Jaribio la VIALE-A, lililotoa matokeo mwaka 2020, lilichukua wagonjwa 431 wenye miaka 75 na zaidi, au wa umri mdogo kuliko huo lakini wenye maradhi mengine. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kwa kila wawili waliopata mseto, mmoja alipata azasitidini na kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa hakujua anameza kipi, wala daktari wake. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 14.7 kwa mseto, na miezi 9.6 kwa wengine.

Miezi mitano si kupona, lakini kwa familia si midogo. Na ilikuwa na gharama: homa inayoambatana na upungufu wa chembe nyeupe iliwapata asilimia 42 ya waliotumia mseto, dhidi ya asilimia 19. Ndiyo maana homa kwa mgonjwa huyu haisubiri asubuhi. Ni hospitali usiku huohuo. Hata dawa ya fangasi isimezwe kienyeji, kwani baadhi yake hupandisha venetoklaksi mwilini, na daktari hulazimika kupunguza kipimo.