Mbung'o wa maabara na mbung'o wa vichakani

Nikieleza kwamba kazi yangu ni tabia za mbung'o, swali hufuata haraka: mdudu aliyezaliwa kizimbani, akanyonya damu kupitia utando wa silikoni maisha yake yote, atakufundisha nini kuhusu wenzake wa vichakani? Hunifundisha anachoweza kuhisi. Atakachofanya baada ya kuhisi, hapo naenda kumuuliza wa porini.

Mfano ni oktenoli, kemikali iliyomo katika pumzi ya ng'ombe. Miaka ya 1980 watafiti walikusanya harufu ya ng'ombe, wakaitenganisha kwa mashine, kisha wakapitisha kemikali moja moja juu ya kipapasio cha mbung'o kilichofungwa elektrodi, vijiwaya vya kupima umeme wa neva. Oktenoli ikakishtua. Lakini kipapasio hushtuka hata kwa harufu inayomfukuza mdudu, kwa hiyo mshtuko ule haukuonyesha kama angekuja au angekimbia. Ilipowekwa kwenye mitego ya bonde la Zambezi, Zimbabwe, ndipo ikajulikana kuwa inavuta.

Porini nako tumedanganywa. Kwa miaka mingi mbung'o walihesabiwa na watu waliotembea njia zilezile wakiwadaka kwa nyavu za mkono, na waliowapata walikuwa madume kwa wingi. Miaka ya 1970 mtafiti Glyn Vale alitega nyavu za nyaya nyembamba za umeme, ambazo mbung'o hazioni vizuri, akagundua kwamba mtu akisimama karibu na ng'ombe, mbung'o wengi wa savana hawamkaribii ng'ombe huyo. Mhesabuji alikuwa akiwafukuza aliokwenda kuwahesabu! Kosa la aina hiyo si rahisi kuligundua kizimbani.

Wala spishi moja haisemi kwa niaba ya nyingine. Harufu zinazowavuta wa savana hazimshughulishi sana Glossina fuscipes wa kandokando ya Ziwa Victoria. Huyo hufuata kipande cha kitambaa cha buluu, robo mita kwa robo mita, chenye wavu wenye dawa ubavuni. Vitambaa hivyo vidogo vimetumika kupambana na malale huko West Nile, Uganda.

Ila kisa ninachokipenda ni cha kuro, yule swala mkubwa. Anaishi katikati ya mbung'o, na bado damu yake ni nadra kukutwa matumboni mwao. Swali hilo lilitoka porini, likaingia maabara za ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Mafuta ya ngozi ya kuro yalipopakwa mahali pa kunyonyea, mbung'o walisita na kuondoka. Wanakemia wakatafuta kemikali alizo nazo kuro ambazo ng'ombe na nyati hawana, wakachanganya chache, na mchanganyiko ukatiwa kwenye kola za kuvalishwa ng'ombe. Kola hizo zilijaribiwa kwa wafugaji wa eneo la Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa mifugo iliyozivaa.

Mimi hubaki na swali la jirani. Kizimbani, mbung'o aliyekataa kunyonya hubaki na njaa mbele ya macho yangu. Kwale ana mabawa, na zizi la pili haliko mbali. Ndiyo maana katika majaribio ya namna hii nataka ng'ombe wasio na kola nao wapimwe damu, hasa wale wanaolisha malisho mamoja na wenye kola.