Mwenendo wa msimamizi wa mtambo unaojiendesha hutabirika kabla ya ajali

Maelezo ya ajali za mitambo inayojiendesha yanayotufikia siku hizi, sisi tunaopokea maombi ya kibali cha kuiwasha, mara nyingi huhitimishwa kwa sentensi moja: msimamizi wa zamu alizembea. Tunawaomba wamiliki wa mitambo waelewe kuwa sentensi hiyo haitoshi, kwa sababu atakachofanya mtu aliyeketi mbele ya mtambo ambao haujakosea kwa miezi mingi kinaweza kukadiriwa hata kabla hajapangiwa zamu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha majaribio ambayo watu walitazama mshale ukizunguka kama wa saa, wakitakiwa kutoa taarifa kila uliporuka hatua mbili badala ya moja. Ndani ya nusu saa ya kwanza umakini wao ulikuwa umeshuka. Barua ya onyo haibadilishi maumbile hayo.

Kushuka huko kwa umakini huambatana na mazoea ya kuamini mtambo. Mwezi Juni 1995 meli ya Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston, na muda mfupi baada ya kung'oa nanga ulichomoka waya wa antena ya GPS, kifaa kinachoonyesha mahali meli ilipo kwa kutumia setilaiti. Kifaa kikaanza kukadiria mahali meli ilipo kwa mwelekeo na mwendo tu, na dalili yake ilikuwa herufi chache ndogo kwenye skrini. Kwa takriban saa 34 maafisa walikisoma hivyohivyo. Boya la kwanza lilionekana kwenye rada pale lilipotarajiwa, likaaminiwa, kumbe lilikuwa boya jingine. La pili halikuonekana kabisa, lakini nahodha alipouliza, afisa wa zamu iliyofuata alijibu kwamba amekwisha kuliona. Meli ilikwama mchangani karibu na Nantucket, ikiwa maili 17 hivi nje ya njia yake. Huyo afisa hakuwa mtu wa ajabu. Mtu yeyote aliyezoeshwa skrini isiyokosea hujazia kisichoonekana kwa kile anachokitarajia.

Wapo wanaoendelea kutuandikia kwamba dawa ni kuongeza msimamizi wa pili. Tumekwisha kulieleza hili mara nyingi: wawili wanaotazama skrini moja hutegeana, na kosa la skrini huwa lao wote. Kinachosaidia ni chanzo cha pili cha taarifa kisichotegemea cha kwanza.

Kwa hiyo makadirio ya mwenendo wa msimamizi yanayoambatana na maombi ya kibali yaandaliwe pamoja na watu wa zamu wenyewe, si wahandisi peke yao. Kwa kila king'ora, yaonyeshe msimamizi ataona nini, atathibitisha kwa kifaa gani, na sekunde ngapi zimepita hadi achukue hatua katika jaribio la kushtukiza, likiwemo angalau moja la usiku wa manane. Muda ulionakiliwa kutoka kitabu cha mtengenezaji haukubaliki. Maombi ya namna hiyo hurudishwa bila kusomwa zaidi, na mtambo hauruhusiwi kuwashwa hadi vipimo halisi vitakapowasilishwa, vikiwa na sahihi za waliokuwa zamu siku ya jaribio.