Utenzi wa taifa sio shairi la uhuru, jamani

Utenzi wa taifa ni shairi refu la mashujaa ambalo watu wa nchi fulani wamelikubali kuwa ndilo lao, basi, hamna zaidi, na Ulaya ya karne ya 19 enzi za uromantiki, yaani sanaa ya kutukuza hisia na mila za watu, kila taifa lilikuwa linalitafuta la kwake. Kinachonikera ni ikifika Desemba 6, siku ya uhuru wa Ufini, mtu anaandika eti Kalevala, utenzi wa taifa wa Wafini, ilitungwa kusherehekea uhuru wa Ufini. Uhuru upi? Kitabu kimetoka 1835, kikaongezwa 1849, nchi iko chini ya mfalme wa Urusi muda wote huo, na uhuru wenyewe umekuja 1917, Elias Lönnrot aliyekiandaa keshakufa tangu 1884. Ni sawa na wale wanaosikia Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert wakadhani ni habari za TANU, kumbe ni vita ya 1939 hadi 1945.

Tena Lönnrot alikuwa daktari wa wilaya kule Kajaani, anazunguka vijiji vya Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, anaandika nyimbo za wazee halafu anaziunga, mpaka toleo la pili likafika mistari 22,795. Humo ndani mtafute mkoloni, humpati. Utamkuta mzee Väinämöinen anaunda kinubi kwa utaya wa samaki, utaikuta Sampo, kinu cha ajabu kinachosaga unga, chumvi na pesa, wanaenda kukiiba kaskazini kinavunjikia baharini wakikigombania. Bendera iko wapi hapo? Ila wasomi wa Ufini wakati ule walikuwa wanaongea Kiswidi, Kifini kinaonekana cha wakulima tu, sasa kumbe kina utenzi mzima! Hapo ndo wazo la taifa likapata pa kushika. Poland nayo vilevile, utenzi wao Pan Tadeusz wa mshairi Mickiewicz umechapwa Paris 1834, Poland yenyewe haipo hata kwenye ramani.

Shairi la uhuru kweli ni kama lile la Dionysios Solomos wa Ugiriki, 1823, vita yao ya uhuru bado inawaka, beti 158, na mbili za mwanzo ndo wimbo wa taifa mpaka leo. Lakini lile ni la kuusifu Uhuru, halina kisa cha kufuata, kwa hiyo sio utenzi.

Desemba 6 posti Kalevala ukipenda, sema tu ilisaidia kuuandaa uhuru, sio iliusherehekea. Na siku ya Kalevala yenyewe Wafini wanayo, Februari 28.