Nixon hakuondolewa na Bunge

Kwa miaka mingi wengi wameamini kwamba Richard Nixon, Rais wa Marekani, aling'olewa madarakani na Bunge kwa sababu ya kashfa ya Watergate, yaani uvunjaji wa ofisi za chama pinzani cha Democratic na jitihada za kuuficha, ilhali sivyo ilivyokuwa. Mwezi Julai 1974, Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha mashtaka 3 dhidi yake, likiwamo la kuzuia haki isitendeke, lakini Baraza zima halikuwahi kuyapigia kura wala Seneti haikumhukumu. Kanda iliyonasa sauti yake akiafiki CIA, shirika la ujasusi, itumike kuukwamisha uchunguzi wa FBI, shirika la upelelezi, kuhusu kashfa hiyo ilipowekwa hadharani tarehe 5 Agosti, wabunge wa chama chake mwenyewe walimwacha mkono, naye akajiuzulu tarehe 9. Msamaha wa Gerald Ford, aliyemrithi urais, mwezi Septemba, ambao kwa maoni yangu uliwanyima wananchi nafasi ya kuusikia ushahidi wote mahakamani, ulimkinga asishtakiwe.