Je, wajua? Milima ya Ngong ni nusu tu ya mlima

Ukipanda Milima ya Ngong kutokea mjini Ngong, mwinuko wake unachosha lakini una adabu. Unapanda, unapumzika, unapanda tena. Nyasi kila upande, ng'ombe wawili watatu, na ukigeuka nyuma unaiona Nairobi imejianika huko chini, maghorofa yake madogo kama viberiti vilivyosimamishwa. Kisha unafika mgongoni, unatembea hatua chache kuelekea machweo, na ardhi inakwisha. Hakuna mteremko wa kurudishia ule uliopanda. Mbele yako ni Bonde la Ufa, limefifia kwa vumbi na joto, limetandaa mpaka macho yanachoka kabla halijaisha.

Wengi hupiga picha hapo, wakanywa maji, wakaendelea. Lakini simama kidogo ulinganishe. Nyuma yako ni mteremko mrefu wa kijani. Mbele yako ni ukuta uliokatwa ghafla, na chini yake nchi kavu ya vichaka na migunga. Mbona mlima huu una upande mmoja tu?

Upande wa pili ulikuwepo. Ulizama.

Kati ya miaka milioni 5 na 7 iliyopita, mahali hapa palikuwa na volkeno kubwa. Usiifikirie kwa umbo la vilima hivi tunavyovihesabu leo tukiwa tumeishiwa pumzi. Fikiria mlima mmoja mpana, ubavu wake wa mashariki ukishuka kuelekea iliko Nairobi sasa, na ubavu wa magharibi ukishuka kuelekea kule ambako leo huoni kitu ila hewa. Lava ilimwagika, ikaganda, ikafunikwa na lava nyingine, mpaka mlima ukawa mlima.

Tatizo ni kwamba ulijengwa mahali pabaya. Chini yake ganda la dunia lilikuwa linavutwa. Chukua donge la unga wa chapati uliokauka kidogo juu, ulivute kwa mikono miwili taratibu: katikati linakonda, linapasuka nyufa mbili sambamba, na kile kipande cha kati kinashuka. Ndivyo Bonde la Ufa lilivyofanyika. Ganda hilo limegawanyika vipande vikubwa viitwavyo mabamba: upande wa mashariki ni bamba la Somalia, upande wa magharibi ni bamba la Nubia, na bado yanaachana mpaka leo kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyoota.

Ufa wa mashariki ulipita kwenye mwili wa volkeno yenyewe. Nusu ya magharibi ikashuka pamoja na sakafu ya bonde, ikafunikwa na lava changa zaidi, majivu na udongo. Nusu ya mashariki ikabaki imesimama, na kingo yake iliyovunjika ndiyo njia tunayotembea Jumamosi. Kwa hiyo ule mgongo mwembamba ni jeraha la mlima kwa kweli, baadaye likachongwa na mvua na upepo likawa vilele na mabonde madogo.

Wala haikuwa kishindo cha siku moja. Ardhi ilishuka kwa vipande, kipande baada ya kipande. Ukitaka kuviona bila kupanda popote, panda gari linalokwenda Magadi. Baada ya Kiserian barabara inafika Kona Baridi, bega la kusini la milima hii, kisha inaanza kuteremka: inashuka, inatulia kidogo kwenye tambarare, inashuka tena. Kila mteremko ni ngazi moja ya ule mpasuko. Kona Baridi unavaa sweta. Kabla saa mbili hazijaisha uko kando ya Ziwa Magadi, kimo cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na sweta umeshalikalia. Kilele cha Lamwia, kirefu kuliko vyote hapa, kina mita 2,460. Tofauti hiyo peke yake inatosha kubadilisha hewa kwa nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kabla hujahesabu jua la bondeni.

Wazee hawakuhitaji jiolojia ili kuona kwamba umbo hili si la kawaida. Kuna simulizi la jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka kifudifudi, na vifundo vya mkono wake ndivyo vilivyobaki hapa. Ukiyatazama haya mawimbi ya vilele ukiwa Nairobi asubuhi yenye anga safi, utakubali kwamba ni ngumi iliyolala. Jina nalo linatoka Kimaasai, enkong'u emuny, chemchemi ya kifaru. Neno enkong'u ni chemchemi na pia ni jicho, kwa hiyo wapo wanaosema ni jicho la kifaru. Kifaru mwenyewe hayupo tena. Wa karibu yuko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Sasa tuje kwenye upepo, maana ndio unaokumbukwa na kila aliyepanda na kofia akashuka bila kofia.

Watu wa pwani wanaujua upepo huu kwa majina yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza kushika nguvu baada ya hapo. Ndio uleule uliosukuma majahazi kati ya Lamu, Mombasa na Uarabuni. Ukiingia bara unapita Tsavo na tambarare za Athi bila kukutana na kizuizi cha maana, kisha ghafla unakuta ukuta wa Ngong umesimama kaskazini kwa kusini, umekatiza njia. Hauna pa kupita ila juu. Hewa nyingi inabanwa ipite kwenye nafasi ndogo ya mgongo wa mlima, na ikibanwa inaongeza mwendo, kama maji yanavyoruka mbali ukiziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Mlima ungekuwa mzima, wenye mbavu mbili za taratibu, upepo ungepanda na kushuka kistaarabu. Kwa kuwa ni kingo kali, unafika juu na kasi yake yote, kisha unachanganyikiwa hapo penye ukingo.

Ndiyo sababu mitambo ya upepo ilikuja hapa mapema. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ikaongeza mingine yenye uwezo wa megawati 5.1, na baadaye shamba zima likafika megawati 25.5. Wapo wasiopenda kuiona. Mimi milingoti ya mawasiliano ndiyo inayonikera. Hii mitambo nimeizoea, na nikikaa chini yake nasikia kila panga likipita juu, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepepeta mchele bila haraka.

Upepo huo umebeba pia maji ya Bahari ya Hindi. Ukipandishwa mlima unapoa, mvuke unakuwa ukungu, ukungu unakuwa manyunyu, na manyunyu yanabaki upande wa mashariki. Ndiyo maana Ngong na Kiserian kuna sukuma wiki na ng'ombe wa maziwa, na makorongo ya upande huo yana misitu ya asili iliyojificha isipigwe na upepo. Hewa inayovuka kwenda magharibi imeshaachia mzigo wake. Tena inaposhuka bondeni inapata joto, na hewa yenye joto haiangushi mvua, inanyonya unyevu. Huko Magadi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 500.

Juu kabisa mgongoni karibu hakuna miti. Udongo ni haba, upepo haupumziki, mifugo inapita na moto hupita mara mojamoja. Zinazoweza ni nyasi, kwa kuwa nyasi hujua kulala. Miti michache iliyothubutu imeinama yote upande mmoja, kana kwamba imeitwa kutoka bondeni. Ukianza kushuka magharibi utakutana na leleshwa, kichaka chenye majani ya kijani kilichokolea juu na weupe wa manyoya laini chini. Vunja jani ulisugue viganjani: linanukia kafuri. Morani wa Kimaasai huliweka kwapani, na aliyetembea kilomita kumi juani atakubali kwamba hawakukosea.

Wanyama nao wamegawana mlima kulingana na mpasuko ule. Nyati wako kwenye vichaka na misitu ya makorongo, na ndio sababu kubwa ya kutembea na askari wa misitu mwenye bunduki badala ya kujifanya shujaa. Pongo wako humohumo, hutamwona mpaka akurupuke. Chui na fisi wapo, ila ni watu wa usiku; utakachokipata ni kinyesi chao njiani, cha fisi kikiwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima hii, aliandika kwamba simba walikuwa wakija kulala juu ya kaburi la rafiki yake Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931 akazikwa kwenye mteremko wa mashariki. Leo hakuna anayepanda Ngong akitarajia simba.

Upande wa ukuta ni nchi ya nyani, pimbi na mbuzi mawe. Nyani hulala kwenye majabali ambako chui hapati pa kukanyaga. Mbuzi mawe, ambaye wengine humwita ngurunguru, ni swala mdogo anayetembea kwa ncha za kwato, kama mtu aliyesimama kwa kucha za vidole. Kwato zake ni ndogo hivi kwamba miguu yote minne inaenea kwenye jiwe la ukubwa wa sahani. Bila ule ukuta uliovunjika asingekuwa na kazi hapa.

Lakini anayeufaidi mlima huu kuliko wote ni shakevale, ndege mwindaji. Utamjua kwa mkia wake mwekundu wa rangi ya kutu na tumbo ambalo mara nyingi ni jeupe. Njoo mgongoni saa nne au saa tano asubuhi, keti salama mbali kidogo na ukingo, na usubiri. Upepo wa mashariki unapanda mgongoni mwako. Mbele yako bonde limeshaanza kuchemka, hewa ya moto inapanda ukutani. Shakevale anatokea chini yako, ndiyo, chini, unamwona mgongo kwanza, anapandishwa bila kupiga bawa hata moja. Akifika usawa wako anageukia upepo na kusimama. Anasimama kabisa, hewani, kama amefungwa kwa uzi. Mabawa yanatikisika kidogo kwenye ncha tu, kichwa hakitikisiki hata kidogo, macho yako kwenye nyasi anakotafuta panya. Nilimwangalia mmoja hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akakunja mabawa akadondoka kama jiwe, na sikuona alichokamata kwa sababu nyasi zilimficha.

Anayevuka mgongo mzima, kilomita kumi na kidogo, huteremkia upande wa Kona Baridi miguu ikiwa imekwisha na chupa ikiwa na maji kidogo. Hapo ndipo ninapopenda kufanya mchezo mmoja. Namwaga matone kushoto na mengine kulia. Mvua ikinyesha mahali palipoanguka ya kushoto, itateremka mpaka Mto Kiserian, itaingia Mbagathi, itapita kando ya Hifadhi ya Nairobi, itakuwa Athi, itavuka Tsavo kwa jina la Galana, na itaingia baharini karibu na Malindi ikiitwa Sabaki, imebeba udongo mwekundu. Inarudi ilikotoka na kaskazi. Ikinyesha mahali pa yale ya kulia, itashuka ule upande uliozama, na bonde lile halina mlango wa kutokea baharini. Itanywewa na udongo, au na ng'ombe wa mtu, au na jua.