Kusawazisha msimbo ni nini hasa

Juzi nimelisikia tena neno hili likitumiwa vibaya, na safari hii limenigharimu siku nzima ya kazi. Tuna programu mbili huria zinazochangia folda moja ya kusoma saa kwa Kiswahili: unaipa 19:30, inakurudishia "saa moja na nusu usiku". Nakala ya folda hiyo imo kwenye kila repo, yaani hifadhi ya msimbo wa programu pamoja na historia yake. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye ujumbe wa komiti yake (badiliko lililorekodiwa kwenye historia ya repo), "Nimesawazisha folda ya saa." Nilipofungua nikakuta kafuta ya kule na kubandika ya huku. Ndani ya ile iliyofutwa mlikuwa na kiraka, yaani rekebisho dogo, cha mstari mmoja. Hesabu ya saa zetu ni kujumlisha sita kisha kuchukua baki baada ya kugawa kwa kumi na mbili. Sasa ukifika 18:00 baki ni sifuri, na kiraka kile kazi yake ilikuwa kuigeuza sifuri hiyo iwe kumi na mbili. Kikaenda na maji. Jioni ile ile programu ikaanza kuwatangazia watu "saa sifuri jioni".

Fasili ni fupi. Kusawazisha msimbo kati ya repo mbili ni kulifikisha kila badiliko la sehemu ya pamoja upande wa pili, bila kupoteza badiliko la upande huo, kwa namna ambayo kesho unaweza kuendelea kuanzia ulipoishia leo. Kipande cha mwisho, "kuanzia ulipoishia", ndicho kinachosahaulika kila mara.

Nadhani neno lenyewe linachangia kosa. Sawazisha limejengwa juu ya sawa, nayo sawa tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa na maana hiyo hiyo ya kulingana. Fundi husawazisha sakafu, na akiweka pimamaji juu yake anaona palipoinuka. Kinachotazamwa ni hali ya mwisho tu: pamelingana au bado? Kwa kipimo hicho, aliyebandika folda juu ya folda kasawazisha kweli, maana ukizilinganisha sasa hivi hutaona tofauti hata ya nukta. Lakini dhana tuliyoivika neno hili imetoka kwenye neno la Kiingereza lenye mizizi ya Kigiriki: syn, yaani pamoja, na khronos, yaani wakati. Ndani ya neno lile mna wakati. Ndani ya sawa hamna.

Wapo wanaopendelea landanisha. Mtoto kamlanda mama yake. Ndugu hawa wanalandana. Basi tuzilandanishe repo. Mimi nalipenda kwa sababu ya ile -an- ya katikati, inayodai pande mbili, na hapo linalishinda sawazisha. Hata hivyo nalo halina wakati: watu wawili wanaweza kulandana sura na hawajawahi kuonana.

Sisemi tulitupe sawazisha. Limeshakaa, hata simu zetu zikiwekwa Kiswahili zinalitumia. Isitoshe, uwanja wa mpira unalitumia kwa usahihi kuliko sisi waandishi wa programu. Ukiingia uwanjani umechelewa na kukuta ubao unasoma 1–1, huwezi kujua ni timu gani iliyosawazisha. Namba zimelingana, lakini jibu halimo kwenye namba. Lazima umuulize jirani yako bao la kwanza lilikuwa la nani.

Repo mbili ni vivyo hivyo. Faili liko huku, kule halipo: limeongezwa huku, au limefutwa kule? Mstari huku unasema 64, kule unasema 128: nani kabadilisha? Ukizitazama folda hizo mbili mpaka macho yakuume, hutapata jibu. Unahitaji kitu cha tatu, yaani hali ya folda siku ya mwisho zilipokubaliana. Kama siku hiyo ilikuwa 64, badiliko limetoka kule, nalo linapaswa kuja huku. Kama ilikuwa 128, mambo yamegeuka kabisa. Asiyetunza kumbukumbu ya siku hiyo anabahatisha, na mara nyingi anabahatisha kwa kupendelea folda anayoifanyia kazi yeye.

Mfano ninaopenda kuwaonyesha vijana ni libbpf, maktaba ya msimbo unaotumiwa na programu nyingine. Maktaba hii huandikwa ndani ya repo ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo huo wa uendeshaji, kwenye folda ya tools/lib/bpf, lakini ina repo yake nyingine kwenye GitHub ambako watu wa usambazaji wa Linux huichukua. Ingia kwenye repo hiyo ya pili utakuta faili dogo linaloitwa CHECKPOINT-COMMIT. Ndani yake mna alama ya komiti moja tu ya kiini cha Linux: hapa ndipo tulipofika mara ya mwisho. Skripti ya kusawazisha inasoma alama ile, inakusanya komiti zilizogusa libbpf tangu hapo, inazihamisha moja moja, kisha inaandika alama mpya. Pembeni lipo na BPF-CHECKPOINT-COMMIT, kwa kuwa mabadiliko huingia kutoka miti miwili ya kiini, yaani nakala mbili za msimbo wake zinazoendelezwa sambamba. Faili lenye mstari mmoja, lakini lifute uone kama kuna atakayejua aanzie wapi.

Hapo njia ni ya upande mmoja, na hiyo ni nafuu kubwa. Libiberty, maktaba nyingine ya msimbo, nayo iko hivyo kwa miaka mingi: toleo rasmi linakaa kwenye mradi wa GCC, na mradi mwingine, binutils, hupokea kutoka huko. Anayetaka kuirekebisha hupeleka kiraka kwa watu wa GCC.

Kazi huwa nzito pande zote mbili zikiwa na haki ya kuandika. Clippy, chombo cha kukagua msimbo wa lugha ya programu ya Rust, hutegemea sehemu za ndani za kikusanyaji cha Rust (programu inayogeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa), ambazo hubadilika bila hodi. Mwaka 2020 kikahamia mpango wa git subtree, njia ya kuiweka repo moja kama folda ndani ya nyingine: kikabaki na repo yake, na nakala kamili ikawekwa ndani ya repo kuu ya Rust. Anayebadilisha kikusanyaji anairekebisha Clippy papo hapo, kisha marekebisho yanarudishwa kwenye repo ya Clippy. Ya Clippy nayo yanapelekwa kule, ratiba ikiwa kila wiki mbili. Wakagundua kwamba historia ya Rust ni ndefu kiasi cha kuilemea git subtree. Maelekezo yao yakawa yanamtaka mtu atumie toleo lililotiwa kiraka, na anayetumia Linux ya Debian aiendeshe kwa bash, kwa sababu dash, programu ya kutekeleza amri ambayo Debian huitumia badala ya bash, ina kikomo cha kujirudia mara 1,000. Miri, chombo kingine cha Rust, kikachukua programu ya josh kwa kazi hiyo hiyo, na kwenye repo yake kuna faili la rust-version linalotunza alama ya komiti ya Rust waliyofikia. Angalia ilivyo: watu tofauti, vyombo tofauti, lakini kila mmoja anatunza mahali fulani alama ya pale walipokubaliana mara ya mwisho.

Yule mwenzetu nilikaa naye, tukakirudisha kiraka cha saa kumi na mbili kutoka kwenye historia ya repo. Sikumkataza kunakili. Kunakili ni kazi halali, na kuna siku ndiyo inayotosha. Nilimwomba tu kwamba siku hiyo aandike "nimenakili folda ya saa kutoka repo ile, komiti fulani", aitaje komiti yenyewe. Siku akitaka kuandika "nimesawazisha", kwanza aitafute alama ya mara ya mwisho, atazame kila upande umebadilisha nini tangu hapo, avihamishe vyote, kisha aandike alama mpya. Faili la alama tumeshaliweka kwenye repo zote mbili, na komiti ya kwanza iliyoandikwa ndani yake ni ile ya kiraka cha saa kumi na mbili.